Ubao wa Mzee Karekezi

Lori la gereza lingepita mtaa wa Mbugangari mchana huo, na Inspekta Kampire alikuwa bado hajaweka sahihi.

Lilikuwa linakuja kumchukua Wellars, mwalimu wa hesabu. Mwaka ule wa 1998, mtu akishaingia gereza la Gisenyi, faili lake lililala chini ya mafaili ya wengine na yeye mwenyewe akalala juu ya miguu ya wenzake. Kuingia kulikuwa rahisi, kutoka ilikuwa habari nyingine. Kampire alilijua hilo kuliko mwendesha mashtaka aliyempigia simu asubuhi kumuuliza anangoja nini. Badala ya kusaini, alimtoa mahabusu kwenye selo na pingu zake, akamwita Sajini Damascène, na wote watatu wakaenda kubandua lakiri kwenye mlango wa Mzee Karekezi.

Sebule ilikuwa vilevile. Viti viwili, meza ya mbao, na juu ya meza ubao wa sataranji wenye kete zake zimesimama kwa adabu. Mzee Karekezi, afisa forodha mstaafu na nyumbakumi wa hapo, alikuwa amekutwa chali, kisogo kwenye kizingiti cha jiwe la volkano kati ya sebule na jiko. Bado alikuwa anapumua hospitalini, lakini hakufumbua macho wala kutamka neno. Aliyemkuta na kupiga kelele ni Bahizi, jirani waliyechangia ua. Majirani wengine walikuwa wamewasikia Wellars na mzee wakifokeana, kisha wakamwona mwalimu akitoka na kubamiza geti. Yapo na mengine ambayo mtaa wote ulikuwa unayajua na hakuna aliyeyatia maanani, kama vile kwamba wiki ile Karekezi alikuwa aende ofisi ya komini kutoa ushahidi kuhusu nyumba aliyokuwa anakaa Bahizi. Kesi za nyumba zilikuwa nyingi mno siku zile, wakimbizi wakirudi na kukuta wengine wanakaa kwao. Nani angeihesabu moja zaidi?

Kwa Damascène, geti lililobamizwa lilitosha. Na kama halikutosha, ubao ulikuwa umemalizia.

"Afande, mi nilisoma seminari. Hii mchezo naijua," alisema, akisimama na mikono mgongoni mbele ya meza kama padri mbele ya altare. "Mwalimu alituambia waliacha kete namna moja. Sisi tumezikuta namna ingine. Mutu anadanganya juu ya kete, atashindwa kudanganya juu ya damu?"

"Umekuja na kete zako?"

"Ziko hapa." Alitoa kisanduku cha mbao mfukoni mwa koti. Kilikuwa kidogo, cha safarini, na alikipenda kuliko kofia yake.

"Mfungue mwalimu mkono mmoja. Apange kete walivyoziacha, hapa pembeni. Ule ubao wa mzee asiuguse mtu."

Damascène alifungua pingu huku akinung'unika. Wellars alikaa kwenye kiti. Alikuwa hajanyoa, na shati lake lilinuka selo, lakini alipozishika zile kete ndogo mkono ulitulia. Alipanga bila kusitasita: mfalme mweusi pembeni kabisa, mbele yake askari wawili, kando yake mraba mmoja mtupu na kisha ngome. Farasi mweupe amewasogelea jirani kabisa. Malkia mweupe mbali, katikati ya ubao. Mfalme mweupe upande wake, nyuma ya askari watatu waliosimama bega kwa bega. Na ngome ya pili ya mweusi imezama chini, ndani ya nyumba ya adui.

"Fumbo," alisema. "Mzee ndiye alilipanga. Mweupe anaanza, na anafunga mufalme kwa hatua mbili. Hapo njo tulibishana."

"Kwa fumbo mkafokeana mpaka mtaa mzima ukasikia?" Kampire aliuliza.

"Mama Inspekta, hujawahi kucheza na Mzee Karekezi."

Damascène aliguna. Lakini alikuwa ameshakivuta kiti cha pili, akakaa, na macho yake yalikuwa kwenye kete. Kampire aliliona hilo. Mtu anayependa kitu hajui kujificha.

"We ulisema nini?" sajini aliuliza.

"Farasi kwanza." Wellars akamsogeza. "Anamutisha mufalme. Ngome yako inamukula. Mimi nakula ngome na malkia. Sasa mufalme wako amebaki uchi, hatua inayofuata ni mat, amefungwa. Imezidi hatua moja, lakini sijapoteza kitu kikubwa."

"Bon." Damascène aliikamata ile ngome nyingine ya mweusi, iliyokuwa imelala kule chini peke yake, akaisukuma mpaka mstari wa mwisho. "Na hii?"

Wellars aliinama. Mfalme wake mweupe alikuwa amezibwa na askari wake mwenyewe, na ngome ya adui ilikuwa imemshika ubavuni. Hakuwa na pa kwenda.

"Mat," Damascène alisema, na furaha yake ilikuwa ya wazi kabisa. "We njo umefungwa, mwalimu."

"Ile ngome..." Wellars alitazama ubao wa mzee, kisha huu mdogo. "Kwa mzee ile ngome ilipotea zamani. Tunatumiaka kizibo cha bia. Macho yangu yalikipita. Nilikuwa nahesabu kete, sikuhesabu kizibo."

Kampire aligeuka kuutazama ubao wa Karekezi. Kweli, kati ya kete nyeusi kulikuwa na kizibo, kimejazwa nta ya mshumaa ili kiwe kizito.

"Na mzee yeye alisema nini?"

"Alisema, toa malkia." Sauti ya Wellars ilishuka. "Muweke karibu na mufalme, aliwe. Nikamwambia, mzee, umechoka, kalale, malkia haitupwi bure. Akacheka. Akasema nafundisha watoto hesabu na mimi mwenyewe naogopa kutoa. Nikamujibu vibaya, mama. Nilimuita mujinga, mutu aliyenifundisha hii mchezo. Nikaondoka."

"Malkia?" Damascène alisema. "Hapana. Bila malkia utafunga na nini?" Lakini mkono ulikuwa umeshamchukua malkia mweupe, ukamweka kwenye ule mraba mtupu kando ya mfalme. Akakuna kidevu.

"Mfalme amle," Kampire alisema. Farasi anavyokwenda hakujua, lakini kula alikuwa anajua.

"Hawezi, Afande. Farasi anamulinda huyu malkia. Akimugusa, amekufa."

"Basi akimbie."

"Wapi? Mbele iko askari wake." Damascène alizidi kuinama. "Ni ngome tu. Ngome lazima ikule." Akamla malkia kwa ngome, na ngome ikakaa palepale kwenye mraba mtupu, ikiuziba. Kisha taratibu, kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto, akamrusha farasi mahali ngome ilipokuwa inalinda kabla. Mfalme mweusi alikuwa anatishwa, na kila upande alikuwa amezungukwa na watu wake mwenyewe. Hakuwa na hata pa kupumulia.

Damascène alirudisha kete, akajaribu tena. Akajaribu malkia ale askari wa kando, haikufika. Akajaribu kuanza na farasi kwa njia nyingine, mfalme akapata mlango. Wellars alimpinga mara moja, wakabishana kwa Kifaransa kidogo na Kinyarwanda kingi, kila mmoja akimpokonya mwenzake kete mkononi, mpaka wote wawili wakarudi kwa malkia. Njia ilikuwa moja tu.

"Alikuwa na haki," Wellars alisema. Alifunika macho kwa ule mkono uliokuwa huru. "Mzee alikuwa na haki."

Kampire alimwacha kidogo. Kisha akasema, "Sajini, hebu niambie. Fumbo hilo, mtu anaweza kulitunga selo, amekosa usingizi, ili anidanganye mimi nisiyejua chochote?"

"Hii hawezi. Kila kete iko na kazi yake. Ukitoa moja, yote inaanguka."

"Na akitunga, angetunga ambalo linamwonyesha yeye mwenyewe ndiye aliyekosea?"

Damascène alimtazama mwalimu, kisha akatazama kete zake. "Hapana, Afande," alisema, na halikumtoka kwa urahisi.

"Basi kete hazikuachwa vile tulivyozikuta. Mwongo ni ule ubao pale."

Wanaume wawili waliuhamia ubao wa mzee. Kete zilikuwa zilezile, nyeupe na nyeusi, na kizibo chao. Waliziinamia, vichwa vikikaribia kugongana, mmoja bado pingu inaning'inia mkononi na wote wawili wameshaisahau. Wakaanza kuutafuta mchezo ndani yake. Zamu ni ya nani? Ngome ilitokea wapi? Wafalme wawili walikuwa wamegusana pembe kwa pembe, jambo lisilowezekana, hakuna mfalme anayemsogelea mwenzake hivyo. Wellars alisema labda mmoja alisukumwa. Damascène alisema wakimrudisha hatua moja, pengine panaonekana kitu.

Kampire hakutafuta mchezo. Alikulia Karagwe, upande wa Tanzania, kwenye baraza la duka ambako baba yake na wakimbizi wenzake walimaliza Jumapili zao wakicheza drafti, na yeye akiwachungulia mpaka akawa anawafunga. Alipouangalia ubao wa Karekezi aliuona uko sawa, na hilo ndilo lililomkera. Hao wawili wanaojua waliona vurugu tupu. Yeye asiyejua, jicho lake lilitulia kama lipo nyumbani. Kwa nini?

Alijisogeza mpaka dirishani, akautazama kwa mbali. Halafu akaona, na akajilaumu kwamba hakuona tangu jana.

"Katika fumbo la mwalimu," alisema, "kuna kete zilizosimama kwenye mraba mweupe?"

Damascène alichungulia ubao wake mdogo. "Ziko. Malkia. Huyu askari wa katikati. Na huyu mweusi wa pembeni."

"Na kwenye huu?"

Kidole cha sajini kilitembea juu ya ubao bila kugusa. Kilifika mwisho, kikarudi mwanzo, kikatembea tena.

"Hakuna," alisema. "Afande, hakuna hata moja. Zote ziko ku weusi."

"Kwa sababu sataranji inatembea kwenye miraba yote. Drafti, hiyo mnayoiita dame, inakaa kwenye myeusi tu. Hizi kete zilimwagika, Sajini. Mtu akaziokota na kuzipanga vizuri, isionekane palikuwa na vurugu. Akazipanga alivyozoea. Mwalimu hapa asingeweza kukosea hivyo hata kama angetaka. Mkono wake ungekataa."

"Dame inachezwa na Gisenyi muzima," Damascène alisema, lakini kiburi chote kilikuwa kimemtoka.

"Ndiyo. Lakini tazama kizibo. Mgeni akikiokota sakafuni anakiona takataka, anakitupa nje. Huyu alikirudisha ubaoni. Alijua ni kete." Alimgeukia Wellars. "Nani anawatazama mkicheza?"

Wellars hakuwa mtu wa kutupa jina.

"Ubao ni moja tu hapa uani," alisema mwishowe. "Sisi tukimaliza, Bahizi anauchukua, anacheza dame na wenzake pale barazani. Anaketigi hapo mulangoni, anangoja tumalize. Vizibo vyake viko mu ile kopo ya bati pale mulangoni. Chetu kiko na mushumaa ndani, havichanganyiki."

Kampire hakuhitaji kufungua faili. Maelezo ya Bahizi aliyaandika mwenyewe: kwamba alimkuta mzee chini, hakugusa kitu, na mchezo ule wa wasomi hajawahi hata kuuangalia.

Nje honi ilipigwa. Lori lilikuwa limefika, mapema kuliko lilivyotarajiwa, na askari wawili wa gereza waliteremka wakiwa na haraka ya watu wasiopenda barabara zetu za siku zile, zenye waviziaji.

"Wampandishe mwalimu," Kampire alisema.

Damascène alimkodolea macho. "Afande..."

"Nimesema wampandishe. Lisiondoke mpaka nitoke. Na umwite Bahizi."

Wellars alinyoosha mkono ufungwe tena. Hilo lilimuuma Kampire kuliko kama angemtukana, lakini hakumweleza.

Kabla Bahizi hajaingia, Kampire alihakikisha mchoro wa ubao upo kwenye faili, umesainiwa. Kisha akazikumba kete zote kwa kiganja mpaka mezani, na juu yake akamwaga kopo la vizibo vya Bahizi.

Bahizi alikuwa mrefu, mwenye sauti ya taratibu, aliyezaliwa na kukulia kambini Uganda. Alivua kofia mlangoni. Hakukanyaga karibu na kizingiti cha jiwe.

"Karibu, mzee Bahizi. Nimefanya ujinga," Kampire alisema. "Nimeigonga meza, ushahidi wote umemwagika, na lori linangoja. Sajini naye ameshasahau. Wewe ndiye uliyeuona ubao kabla yetu. Nisaidie, zilikuwaje?"

"Hakuna shida, Afande." Uso wa Bahizi ulilegea. Aliona lori dirishani, aliona mwalimu juu yake, na mtu akiona mzigo wake unabebwa na mwingine huwa mkarimu. Akaanza kuokota. Mfalme hapa. Askari huyu hapa, na huyu hapa, akiruka mraba mmoja kila mara. Alipofika kwa kete nyeusi, vidole viliingia kwenye lundo la vizibo, vikavipekua, vikatoka na kimoja, chenye nta. Akakiweka mahali pake kwenye mraba mweusi.

Damascène, aliyekuwa amesimama ukutani, alifanya ishara ya msalaba.

"Hivi," Bahizi alisema.

"Asante. Kwa nini hicho?"

"Nini?"

"Vizibo vimejaa mezani. Umechagua hicho."

Bahizi alikitazama kama amekiona sasa hivi. "Naonaga tu wakicheza."

"Ulisema hujawahi kuangalia. Na kwa nini zote kwenye mweusi? Ndivyo tulivyozikuta, Bahizi, zote kwenye mweusi, na ndivyo ulivyozipanga sasa hivi mbele yangu. Hakuna mchezaji wa sataranji duniani anayeziacha hivyo. Ulisema hukugusa kitu."

Bahizi alikuwa anazungusha kofia mikononi. Nje, askari wa gereza alipiga tena honi, na mtu akacheka huko lorini.

Kampire alisogea mpaka akasimama mbele yake. "Lori lile linabeba mtu mmoja kutoka ua huu. Unajua linakokwenda na unajua mtu akifika huko inakuwaje. Mimi sitasaini mpaka unitajie jina lake. Mtazame pale dirishani, kisha unitajie."

Bahizi alitazama. Wellars alikuwa amekaa juu ya ubao wa lori, pingu mapajani, midomo ikicheza kidogo kama mtu anayehesabu.

"Mumushushe," Bahizi alisema.

Alikaa kwenye kiti cha mzee bila kuambiwa, halafu akagundua ni cha nani, akainuka, akakaa sakafuni.

"Nilikuja kumuomba," alisema. "Mwenye nyumba yangu amerudi kutoka Kongo. Mukandutiye. Analala jikoni kwa dada yake kule Cyanzarwe. Komini ingemuuliza Karekezi nani alijenga. Nikamwambia, mzee, sema hujui. Neno moja tu. Mke wangu ni mjamzito, tutaenda wapi, turudi Uganda? Akasema anajua nani alijenga, na mimi najua. Halafu akarudi kutazama kete zake. Mimi nimesimama na watoto wangu wote mdomoni, yeye anatazama kete. Nikapindua meza. Akasimama, tukashikana, nikamusukuma." Alikitazama kizingiti kwa mara ya kwanza. "Nikadhani nikipanga vitu vizuri, wataona ameanguka mwenyewe. Watu wakaja wakasema ni Wellars. Mimi sikusema Wellars, Afande. Wao walisema. Mimi nilinyamaza."

"Na leo ungenyamaza lori likiondoka."

"Ndiyo," Bahizi alisema. "Ningenyamaza."

Kampire alikuwa na hasira naye, na alikuwa anamhurumia, na vyote viwili havikumzuia kumfunga pingu. Alitoka hadi getini akawaambia watu wa gereza hawana abiria hapa, na kama mwendesha mashtaka anataka sahihi yake, ataipata kwenye faili la Bahizi. Walilalamika. Akawaacha walalamike.

Wellars aliteremka. Damascène alimfungua pingu mwenyewe, na akachukua muda kuliko kufuli lile lilivyohitaji.

"Nisamehe, mwalimu."

"Mzee?" Wellars aliuliza.

"Bado," Kampire alisema. "Anapumua. Hajaamka."

"Naenda kumwambia."

"Hasikii, mwalimu. Madaktari wanasema hasikii kitu."

"Nitamwambia tu."

Bahizi alikuwa anatolewa mlangoni. Mashtaka yake yalikuwa hayajapata jina. Mzee akiamka yangekuwa kujeruhi, asipoamka yangekuwa kuua, na hilo alikuwa ameshalielewa peke yake. Walipopishana uani alisimama, na Kampire akamwachia asimame.

"Mwalimu," Bahizi alisema. "Ukimukuta ameamka, umwambie..." Akatafuta neno, akalikosa.

Wellars alimtazama mtu aliyekaa kimya wakati yeye analala selo.

"Nitamwambia alikuwa na haki juu ya malkia," alisema. "Hayo mengine utamwambia wewe mwenyewe. Omba aamke."

Akashika barabara ya hospitali kwa miguu, bila kupita nyumbani kwake kubadili shati. Damascène alirudi ndani kukusanya kete zake ndogo. Alipotaka kufunga kisanduku aliona malkia mweupe hayumo, akatazama barabarani alikokwenda mwalimu, kisha akakifunga hivyohivyo.